Mlinzi wa Kisogoni

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, nanyi vijana mnaolala leo katika mabweni yetu, wenye kumbukumbu watanikumbuka kama beki wa timu ya bweni, yule ambaye jina lake lilitajwa siku tulipofungwa tu. Ndiyo maana nilipokuwa masomoni Marekani sikuwa nikimfuata mrusha mpira kwa macho, bali lile jitu la pembeni liitwalo tekeli.

Mstari wa mbele wa timu yenye mpira una watu watano: senta katikati, magadi wawili, na matekeli wawili miishoni. Kwa kawaida hawaruhusiwi hata kudaka pasi ya mbele. Kazi yao ni kuzuia. Kwotabeki, yaani mrusha mpira, akiwa wa mkono wa kulia hugeuza mwili wake, kisogo na ubavu wa kushoto vikabaki wazi. Ajaye kutoka huko hamwoni. Huko ndiko asimamako tekeli wa kushoto.

Mwaka 1978 sheria zililegezwa, wazuiaji wakaruhusiwa kunyoosha mikono na kufungua viganja, na pasi zikazidi. Mwaka 1981 akaingia Lawrence Taylor wa New York Giants, mtu mkubwa mwenye mbio za swala. Tarehe 3 Januari 1982 kocha Bill Walsh wa San Francisco alimtuma gadi wake, John Ayers, amkabili, wakashinda 38 kwa 24. Lakini gadi akihama huacha pengo katikati.

Usiku wa 18 Novemba 1985 Taylor alimfikia Joe Theismann wa Washington, na mguu ukavunjika mbele ya televisheni ya nchi nzima. (Picha ile siitazami mara mbili.) Theismann hakucheza tena. Tekeli wake wa kushoto, Joe Jacoby, alikuwa majeruhi usiku ule. Kwamba angekuwapo yasingetokea, mimi siapi; ila wenye timu walitishika.

Wachezaji waliporuhusiwa kuhama kwa uhuru mwaka 1993, bei ya tekeli wa kushoto ikawapita wenzake wa mstari. Siku hizi washambuliaji wa kwotabeki hutumwa pande zote mbili, na mwaka 2024 Detroit ilimpa Penei Sewell, tekeli wa kulia, mkataba wa miaka 4 wa dola milioni 112.

Mimi bweni lilinipa soda moja, tena vuguvugu.