Tiba ya maumivu sugu kupitia ubongo
Hii ni tiba inayolenga namna ubongo unavyoendeleza maumivu yaliyozidi miezi 3. Mwaka 1965 watafiti Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kuwa ishara za maumivu huzuiwa au hupitishwa katika uti wa mgongo, ubongo nao ukishiriki kuamua. Kwa hiyo maumivu ni ya kweli hata jeraha likishapona. Kumwambia mgonjwa kuwa anajisingizia ni kumdhulumu. Katika tiba hii, mwenye maumivu ya kiuno huinama polepole, akiifuatilia hisia bila kuiogopa, mpaka ubongo uache kuiona kama hatari. Dawa nazo huweza kusaidia: amitriptilini ya dozi ndogo huweza kutuliza maumivu ya neva. Lakini maumivu ya ugonjwa wa selimundu, ambayo chanzo chake kimo katika damu, yasiachiwe mbinu hizi peke yake.