Kete Mchangani Huko Buna

Ukisafiri, msomaji, kwa barabara itokayo Wajir kwenda Moyale utapita Buna, katika nchi kavu ya ngamia. Yamkini utawakuta huko wazee wawili kivulini, wameinamia mistari iliyochorwa mchangani. Usidhani wanapoteza wakati. Wanacheza shax, mchezo wa wachungaji wa Kisomali, wenye vita vikali kama vya sataranji.

Sataranji ilizaliwa Bara Hindi yapata karne ya 6, ikapita Uajemi hata Baghdad. Huko as-Suli alimshinda al-Mawardi mbele ya Khalifa al-Muktafi, aliyetawala tangu mwaka 902 hata 908. Pwani yetu nayo ilikuwa na fungu lake. Al-Mas'udi, msafiri wa zama hizo aliyefika nchi ya Zanj, aliandika kwamba pembe za ndovu wa huku zilipelekwa Oman, kisha Bara Hindi, ambako zilichongwa kete za sataranji.

Shax haitaki pembe za ndovu. Huchorwa miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, ikaunganishwa kwa mistari katikati ya pande zake. Hupatikana vituo 24. Kila mchezaji ana kete 12, huyu vijiwe, yule vijiti. Huziweka kwa zamu mpaka vituo vyote vijae. Kete tatu zikipangana mstari mmoja huitwa jare. Lakini wakati wa kuweka, jare haili kete. Faida yake ni kwamba aliyeitangulia ndiye aanzaye kuondoa kete ya mwenziwe. Baadaye kete husogezwa, na kila jare mpya huondoa kete moja ya adui.

Sasa itazame mbinu yenyewe. Mchezaji hodari hushika ncha mbili za upande mmoja wa mraba wa nje, na ncha mbili za upande ule ule wa mraba wa kati. Baina ya pande hizo ana kete moja ya kwenda na kurudi. Ikienda, jare. Ikirudi, jare! Adui ana njia moja tu ya kuziba, nayo hupitia kituo cha mraba wa ndani kinachoelekeana na kete hiyo. Kwa hiyo kete yoyote itakayokaa hapo ndiyo huondolewa kwanza.

Mimi, niliyejivunia sataranji yangu ya chuoni, niliikimbilia jare ya kwanza nikafurahi. Mzee wa Buna hakujali. Alikuwa akizishika ncha, moja baada ya moja, nami sikuuliza kwa nini.

As-Suli aliandika vitabu juu ya mchezo wake, na fumbo lake moja bado latajwa na mabingwa. Juu ya shax, Jama Musse Jama alichapisha kitabu mwaka 2000. Lakini mchezo wetu wa siku ile haumo kitabuni. Mzee aliifuta mistari kwa kiganja, akakung'uta kikoi chake, akawafuata ngamia wake.