Mgeni Njoo, Lakini Lini? Ziara, Sherehe na Kalenda ya Mapato Karagwe na Kyerwa

Mwaka 2019 kona ya kaskazini magharibi ya Tanzania ilipata hifadhi tatu mpya za taifa: Burigi-Chato, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Ya kwanza ni kubwa, kilomita za mraba 4,707. Hizo mbili nyingine ni ndogo, hakuna inayofika kilomita za mraba 300. Zote zilitokana na mapori ya akiba yaliyokwisha kupitia misukosuko ya ujangili, ya mifugo, na ya wimbi la wakimbizi wa Rwanda wa mwaka 1994, ambao walihitaji kuni na kitoweo kama binadamu yeyote. Tangazo la kuyapandisha hadhi lilikuja na hesabu nyepesi: geti likijengwa watalii watakuja, watalii wakija vijana watafungua kampuni za kuwatembeza. Katika kata kama Nyakakika, ambako kahawa na migomba ndiyo benki ya kila kaya, hesabu hiyo inavutia kwa sababu haimdai mtu chochote zaidi ya kusubiri.

Makala haya yanaipinga. Ninadai kwamba kampuni ya ziara inayoanzishwa leo Karagwe au Kyerwa itaishi kwa sherehe kwanza, na kwa wanyamapori baadaye sana. Wateja wake wa miaka ya mwanzo ni watu wanaokuja kwa shughuli zao wenyewe: harusi, kipaimara, jubilei ya parokia, kumaliza tanga, Krismasi ya kwao. Kazi ya kampuni ni kuwauzia siku moja au mbili zaidi. Ninadai pia kwamba utaratibu wetu wa leseni hauioni kampuni ya namna hiyo, kwa sababu unapima magari wakati biashara yenyewe inategemea tarehe.

Tuanze na mfano ambao hutolewa mara nyingi, wa kaskazini. Katikati ya miaka ya 1990, kwa msaada wa shirika la Kiholanzi la SNV, Bodi ya Utalii ilianzisha programu ya utalii wa utamaduni katika vijiji vya mkoa wa Arusha na jirani zake. Mto wa Mbu ukawa kielelezo: mgeni anatembezwa mashambani, anaonja pombe ya ndizi, anakula kwa mama mmoja, analipa na kuondoka. Wengi waliouiga mfano huo walisahau kutazama ramani. Mto wa Mbu uko kwenye barabara ya kwenda Ngorongoro, mlangoni mwa Hifadhi ya Ziwa Manyara. Mgeni wake alikwisha kulipia ndege, gari na mwongozaji kabla hajakisikia kijiji hicho. Kijiji kinamuuzia mchana mmoja tu ndani ya safari ambayo mtu mwingine ameigharamia. Karagwe haiko njiani kwenda popote ambako mtalii wa Arusha anaelekea.

Mlango wa karibu wa mgeni kutoka mbali ni Kigali au Entebbe. Hapo tunakutana na ukuta wa makaratasi. Tangu mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zina viza moja ya pamoja ya utalii, na Tanzania haimo. Mtalii aliyeko Hifadhi ya Akagera, ambayo tangu mwaka 2010 inaendeshwa kwa ubia kati ya serikali ya Rwanda na shirika la African Parks, na ambako simba walirudishwa mwaka 2015 na faru weusi mwaka 2017, anaiona milima ya Karagwe ng'ambo ya mto. Kuuvuka Mto Kagera anahitaji viza nyingine. Kiboko anavuka bure.

Wapo watakaonikumbusha Bukoba. Ni kweli, mkoa wetu wa Kagera una mfano unaostahili heshima: Kiroyera Tours, kampuni ya wenyeji iliyojitokeza mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuuza utamaduni wa Kagera wakati ambapo utalii Tanzania ulimaanisha Serengeti na Kilimanjaro. Lakini Bukoba ina bandari, uwanja wa ndege, hoteli za ufukweni na ofisi za mkoa. Watu wanalala Bukoba kwa sababu nyingi, na baadhi yao wanaweza kushawishiwa kukaa zaidi. Swali la kuuliza Karagwe ni hilo hilo: nani analala hapa tayari, na kwa nini?

Karne ya 19 ilikuwa na jibu. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliotoka Tabora walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na Bweranyange, makao makuu ya ufalme wa Karagwe, na walikaa kwa sababu njia ya kwenda Buganda ilipita hapo. Wapelelezi wa Kizungu, Speke na Grant, walifika Novemba 1861. Walikuwa wametoka Usui, kwa mtemi Suwarora, ambako hongo iliwakamua hadi wakakata tamaa. Kwa Rumanyika, mfalme wa Karagwe, walipokelewa kama wageni. Speke aliondoka Januari 1862, Grant akabaki miezi kadhaa akiuguza mguu. Mpelelezi mwingine, Stanley, alipofika mwaka 1876 alionyeshwa nyumba ya hazina ya mfalme, yenye sanamu za wanyama za madini na silaha za kifalme, akaenda pia kwenye chemchemi za maji moto za Mutagata, ambako wagonjwa walikuwa wakioga kutafuta nafuu kama wanavyofanya hadi leo. Rumanyika hakuwa mtu wa huruma tu. Alikuwa na ndugu aliyekigombea kiti chake, Rogero, na wafanyabiashara wa pwani walimsaidia kumshinda. Ukarimu wake ulikuwa sera, na ulimlipa: bidhaa, habari, silaha, jina. Suwarora alitoza langoni akapata alichotoza. Rumanyika alimfanya mgeni akae, na kila siku aliyokaa iliacha kitu nyumbani. Ni vigumu kuisoma historia hiyo bila kufikiria mageti yetu ya leo.

Nani basi anakaa Karagwe sasa? Anayekaa ni mtoto wa nyumbani na wale anaowaleta. Mkulima wa robusta huvuna na kuuza kati ya Mei na Septemba. Fedha za chama cha msingi cha ushirika zikitoka, harusi zinafuata, na miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, haina Jumamosi tupu. Kisha inakuja Desemba, wakati watu wa Kagera walioko Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma na nje ya nchi wanarudi. Uongozi wa mkoa ulilitambua hilo ulipoitisha tamasha la Ijuka Omuka mjini Bukoba Desemba 2024, kuwahimiza wana Kagera wakumbuke kwao, watembelee na wawekeze. Ni wazo zuri, ila tamasha moja la mjini haligusi Nyakakika. Aliyerudi kijijini haendi Bukoba kutazama jukwaa. Ana shughuli zake.

Hapa inafaa tuitazame harusi moja kwa karibu. Kamati inaundwa miezi minne kabla, nusu ya wajumbe wako Dar es Salaam na wanakutana kwenye kundi la WhatsApp. Mhazini anaorodhesha ahadi, michango inaingia kwa simu kidogo kidogo, na kadi inatolewa kwa aliyemaliza, ya mtu mmoja au ya wawili. Bajeti ina mistari inayojulikana: chakula, vinywaji, ukumbi au mahema na viti, mapambo, muziki na jenereta, mshereheshaji, picha, usafiri. Wageni wa mjini wanasafiri zaidi ya kilomita elfu moja kwa basi, wanafika Alhamisi wakiwa na miguu iliyovimba. Sherehe ni Jumamosi. Jumapili ni misa na kutoa shukrani, Jumatatu basi la kurudi. Ijumaa nzima na Jumapili mchana watu hawa, wenye nguo nzuri, simu zenye kamera na fedha kidogo za safari, wamekaa gesti Kayanga au Omurushaka wakiuliza hapa kuna nini cha kuona. Kosta iliyokodiwa kwa upande wa bibi harusi imeegeshwa. Mpishi yupo. Hema moja limebaki.

Uchumi wa kampuni ninayoitetea uko kwenye hilo pengo. Gharama zinazoiua kampuni ndogo ya ziara, yaani gari, mafuta ya kumfuata mgeni, matangazo na chakula cha njiani, zimekwisha kubebwa na kamati ya harusi. Ziara ya Ijumaa kwenda Mutagata au Bweranyange, au ya kuingia hifadhi ya Rumanyika, inadai dereva, mwongozaji, kiingilio na mafuta ya siku moja. Mwenye kampuni anauza mstari mmoja zaidi kwenye bajeti ambayo ipo. Watu ishirini kwenye Kosta moja, wakilipa kwa shilingi, wanaweza kuleta faida ambayo mtalii mmoja wa dola, anayekuja mara moja kwa miezi mitatu, haileti.

Lipo pia suala la nini kinaonyeshwa. Bweranyange bila msimulizi ni kilima chenye nyasi. Utafiti wa M. M. Mulokozi kuhusu utendi unaoimbwa kwa enanga, ala ya nyuzi, kule Buhaya, kwa majirani wa karibu wa Wanyambo wa Karagwe kwa lugha na mila, unaonyesha kwamba manju hatendi peke yake. Hadhira inayoijua lugha humchochea, humjibu, humrefusha. Ukimpeleka msanii wa namna hiyo mbele ya wageni wanne wasiojua neno, wakiwa na dakika ishirini kabla ya kuendelea na safari, unapata onyesho lililokauka. Mweke kwenye mkusanyiko wa ukoo ambao nusu yao wamekulia mjini na wanaisikia lugha ya bibi yao kwa mara ya kwanza kwa miaka kumi, na mgeni wa nje akaalikwa kuketi pembeni: huyo mgeni naye atakuwa ameona kitu. Sherehe ndiyo inayoipa ziara uhai.

Msomaji anaweza kushuku kwamba hii ni njia ya kuuza mila kwa picha. Shaka hiyo ina msingi. Katika kisiwa cha Pentecost, nchini Vanuatu, wanaume huruka kutoka mnara wa miti wakiwa wamefungwa kamba za mimea ya porini vifundoni, katika miezi ya baada ya mvua wakati viazi vikuu vinapokomaa na kamba hizo zina unyevu wa kunyumbuka. Leo ziara za kisiwa hicho zimejengwa juu ya tarehe hizo. Mwaka 1974 mruko ulifanywa nje ya msimu, mwezi Februari, ili Malkia Elizabeth II auone katika ziara yake. Kamba hazikuwa tayari, na mrukaji mmoja alifariki. Somo ninalolichukua hapo ni la kalenda: mgeni aliruhusiwa kuisogeza tarehe. Hapa kwetu ni vivyo hivyo: senene wa Kagera huja na mvua, hasa Novemba. Kampuni itakayomwahidi mtu senene wa Julai kwenye karatasi ya matangazo itaishia kumpa wa kopo.

Biashara hii ina kasoro zake, na mbaya zaidi ni mkopo. Kamati hulipa malipo ya awali, kisha huahidi salio baada ya sherehe, na baada ya sherehe hakuna kamati. Wenye mahema wote wanaijua hadithi hiyo. Wapo wanaokubali kupunguza bei hadi nusu ili wapate fedha miezi mitatu kabla, jambo ambalo ni butura kwa jina lingine: kahawa inauzwa ikiwa maua, na mnunuzi ndiye anayecheka msimu ukifika. Dawa yake haina ufundi. Salio lilipwe kabla viti havijashushwa kwenye gari, na ziara ilipwe na mgeni mwenyewe, nje ya mfuko wa kamati. Kasoro ya pili ni wingi wa washindani. Kila kijiji kina mshereheshaji na spika mbili. Hiyo hainitishi sana, maana wachache kati yao wanauza siku ya pili.

Linalonitisha ni sheria. Mtu anayefanya kazi niliyoieleza anasimama miguu miwili katika wizara mbili. Kwa ziara, yuko chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, inayowatengea Watanzania kazi ya kuongoza watalii, jambo jema. Lakini leseni ya kampuni ya ziara hupangwa kwa kuangalia magari na ada yake imekuwa ikitajwa kwa dola. Kwa sherehe, ana Baraza la Sanaa la Taifa kwa usajili, ofisi ya hakimiliki kwa muziki, polisi kwa kibali, halmashauri kwa leseni ya biashara, mamlaka ya usafiri wa ardhini kwa hiyo Kosta. Kila ofisi inaona kipande chake na inakitoza kana kwamba ni biashara nzima. Matokeo yake yanatabirika: anajisajili kama mkodishaji wa mahema, na ziara anazifanya kimyakimya, bila bima ya abiria, bila mwongozaji aliyefunzwa, na bila kuhesabiwa popote. Takwimu za taifa zikisema tulipokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 1.8 mwaka 2023, wale ishirini wa Mutagata hawamo, wala katika hesabu za watalii wa ndani hawamo, kwa kuwa kuoga kwenye chemchemi hakuna tiketi.

Ningependekeza daraja la leseni la ngazi ya wilaya, lilipwe kwa shilingi, lisidai gari bali mkataba wa kukodi gari lenye bima, na liruhusu ziara na sherehe kwa karatasi moja. Kyerwa ilitengwa na Karagwe kuwa wilaya mwaka 2012, na mpaka huo mgeni haujui: Mutagata iko Kyerwa, Bweranyange iko Karagwe, na bibi harusi anaweza kutoka upande wowote. Leseni hiyo lazima ivuke. Pili, halmashauri hizo mbili zichapishe kalenda ya pamoja: jubilei za parokia na usharika, sikukuu za misikiti, mahafali, minada ya kahawa, mechi, mikusanyiko ya koo zinazokubali kutajwa. Redio za kijamii, FADECO ya Kayanga ikiwemo, zinaweza kuisoma kila wiki kwa gharama ndogo. Wakuu wa hifadhi wangeitumia kupanga siku za kiingilio nafuu. Hakuna haja ya mshauri kutoka Dodoma kuikusanya. Kwa sasa anayezijua tarehe zote hizo ni mkodishaji wa mahema, na daftari lake halijawahi kuombwa na ofisi yoyote ya utalii.