Kimo Si Muundo: Leza, Ploti na Msitu wa Amani

Mwanzoni mwa mwaka 2012 ndege iliyofungwa kifaa cha leza iliruka juu ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, katika Milima ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga. Chini ya njia zake kulikuwa na ploti 153 ambazo miti yake ilipimwa kwa mkono, mmoja baada ya mwingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Norway walilinganisha vipimo vya angani na vya ardhini, na mwaka 2015 wakachapisha matokeo: biomasi ya msitu ule, yaani uzito mkavu wa miti ulio juu ya ardhi, inaweza kukadiriwa kutoka angani kwa kosa la takribani asilimia 33 ya wastani. Msomaji anaweza kuichukua tarakimu hiyo kuwa sifa ya leza au aibu yake. Mimi naisoma zaidi kama taarifa kuhusu kazi iliyofanyika chini. Leza imetupa picha ya kanopi ambayo wanaikolojia waliitamani kwa muda mrefu, lakini tukiacha picha hiyo ifupishwe kuwa kimo cha vilele tu, na tukiitenga na ploti pamoja na majina ya miti, itatupa habari sahihi kabisa za msitu ambao haupo.

Kwa kanopi nakusudia mkusanyiko mzima wa majani, matawi na nafasi tupu, kuanzia vileleni hadi kwenye vichaka vya chini. Zamani kuujua muundo huo ilikuwa kazi ya shoka. Katika utafiti uliochapishwa miaka ya 1930, T. A. W. Davis na P. W. Richards walifyeka ukanda mwembamba wa msitu katika iliyokuwa Guiana ya Uingereza, wakapima miti, kisha wakauchora msitu kama unavyoonekana ukitazamwa ubavuni. Michoro ya aina hiyo iliingia katika kitabu cha Richards cha mwaka 1952 kuhusu misitu ya mvua ya tropiki, na mafundisho kwamba msitu wa namna hiyo una matabaka matatu ya miti yakaenea vyuoni. Wako waliouliza, na bado wanauliza, kama matabaka hayo yamo msituni au yamo katika jicho la mchoraji. Ukanda mmoja hauwezi kumaliza ubishi huo, na hakuna mwenye akili timamu atakayefyeka kanda elfu moja ili aumalize.

Hatua iliyobadilisha mambo ilitoka kwa watu wa ndege, yaani ndege wenye manyoya. Mwaka 1961 Robert MacArthur na ndugu yake John walionyesha kwamba ukitaka kukisia wingi wa aina za ndege mahali fulani, kujua jinsi majani yalivyogawanyika kutoka chini hadi juu kunasaidia kuliko kuhesabu aina za miti. Walitumia matabaka matatu tu: chini ya futi 2, kati ya futi 2 na 25, na juu ya futi 25. Miaka minane baadaye MacArthur na Henry Horn wakapendekeza njia ya kupima mgawanyo huo bila kukata kitu: unaelekeza lenzi ya kamera juu, unasoma umbali wa jani la kwanza linaloziba njia, unarudia mara nyingi, kisha hesabu ya uwezekano wa kupata upenyo inakupa kiasi cha majani katika kila kimo. Ukitoa lenzi ukaweka mwali wa leza, hesabu hiyo inabaki karibu vilevile, na programu nyingi za leo bado zinaitumia. Nalisisitiza hili kwa sababu mazungumzo ya siku hizi huweka kifaa mbele na swali nyuma. Swali la ikolojia ndilo lililotangulia.

Kifaa chenyewe kimsingi hupima muda. Mwanga husafiri takribani sentimita 30 kwa nanosekunde moja, na kwa kuwa unakwenda na kurudi, kila nanosekunde ya kusubiri ni sentimita 15 za umbali. Kati ya mwangwi wa kilele cha mti wa mita 30 na mwangwi wa ardhi iliyo chini yake zinapita nanosekunde 200. Katikati ya miangwi hiyo miwili huja mingine, mikubwa palipo na majani mengi na midogo palipo wazi. Vifaa vingi vya misitu hutumia mwanga wa karibu na infraredi, mara nyingi wa nanomita 1064, kwa sababu jani bichi huurudisha kwa wingi. Mfululizo huo wa mwangwi ndio mali. Humo mna unene wa kanopi, mapengo yake, na hata giza linalofika chini.

Kisha mali hiyo inatupwa. Kinachofika kwa mtunga sera mara nyingi ni ramani yenye namba moja kwa kila mraba, kimo ambacho chini yake imerudi, tuseme, asilimia 98 ya nguvu ya mwali. Kimo kina mvuto wake. Mwaka 2016 Andreas Hemp na wenzake walipotangaza kwamba katika bonde moja la Kilimanjaro upo mti wa Entandrophragma excelsum, wa familia moja na mkangazi na mwarobaini, wenye mita 81.5, kila mmoja alielewa habari hiyo papo hapo: mti wa asili mrefu kuliko mwingine wowote wa asili uliorekodiwa Afrika. Lakini kimo ni habari nzuri ya mti na ni habari finyu ya msitu. Chukua hekta mbili zenye vilele vya mita 35. Ya kwanza imejaa majani kutoka juu hadi chini. Ya pili ilivunwa mbao, ikaachiwa miti michache mirefu juu ya vichaka. Kwenye ramani ya vilele zinaweza kukaribiana sana. Kwa ndege wa tabaka la chini, au kwa mimea ya Saintpaulia inayoishi kwenye miamba yenye kivuli na unyevu huko Usambara, ni nchi mbili tofauti.

Sasa turudi ardhini, ambako ndiko kosa hupungua au huongezeka. Katika msitu huohuo wa Amani, utafiti mwingine wa mwaka 2015 ulijaribu ukubwa mbalimbali wa ploti, kuanzia mita za mraba 200 hadi 3,000. Kosa la makadirio ya leza lilishuka kutoka zaidi ya asilimia 60 hadi chini ya asilimia 30. Data za leza zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni ukubwa wa ploti, yaani wa duara lililochorwa chini. Sababu yake inaonekana wazi ukisimama ndani ya duara hilo. Ploti ya mita za mraba 200 ina nusu kipenyo cha mita 8. Mti mkubwa unaweza kuwa na taji lenye upana wa mita 20, yaani taji moja linatosha kuifunika ploti nzima na kuvuka mpaka pande zote. Ikiwa shina limesimama mita 9 kutoka katikati, anayepima kwa utepe haliandiki, kwa kuwa liko nje. Leza inayaona majani yake yote yaliyoingia ndani. Vitabu viwili vya hesabu vinasoma mti mmoja kwa kanuni mbili. Katika duara la mita za mraba 3,000, lenye nusu kipenyo cha karibu mita 31, miti ya mpakani ni sehemu ndogo ya jumla, na ugomvi huo unapoa. Ongeza hapo kwamba chini ya kanopi nzito kipokezi cha GPS hukosea kwa mita kadhaa, na mita kadhaa katika duara la mita 8 ni jambo kubwa.

Mteremko nao una madai yake. Mtambo wa GEDI wa Marekani, uliopelekwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga mwezi Desemba 2018, hupiga leza katika miduara ya mita 25, kila baada ya mita 60 kwenye mstari, na mistari ikiachana kwa takribani mita 600. Kwenye tambarare ya miombo mwangwi wa ardhi huja ukiwa mkali na mwembamba. Kwenye mteremko wa nyuzi 30, ambao si wa ajabu kabisa katika Usambara, ardhi iliyo ndani ya duara moja inapishana kwa zaidi ya mita 14 kutoka ukingo wa juu hadi wa chini. Mwangwi wa udongo wa upande wa juu unafika pamoja na mwangwi wa miti midogo ya upande wa chini, na hapo vichaka ninavyovililia vinamezwa na ardhi. Halafu kuna mawingu. Misitu hii ya milimani inaishi kwa ukungu na mvua za kutoka Bahari ya Hindi, na leza haipenyi wingu zito.

Hata ukipata ploti kubwa na anga safi, leza haijui mti unaitwaje. Maesopsis eminii, musizi kwa Waganda, ni mti wa asili ya Uganda, Kongo na ukanda wa Ziwa Viktoria. Uliletwa Amani mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa Wajerumani, ukapandwa kwa wingi baadaye, na uvunaji wa mbao ulipofungua mapengo ukaingia ndani ya msitu wa asili. Hondohondo wanapenda matunda yake na kuzitawanya mbegu mbali na mti mama. Unakua haraka na unarefuka vizuri, kwa hiyo kwenye ramani ya vimo unapendeza. Lakini mbao yake ni nyepesi, takribani gramu 0.4 kwa sentimita moja ya ujazo, wakati ya Parinari excelsa, mti mkubwa wa asili wa misitu hiyohiyo, inakaribia 0.7. Mlinganyo wa Chave na wenzake wa mwaka 2014, unaotumika sana katika tropiki, unazidisha msongamano wa mbao kwa mraba wa kipenyo na kwa kimo. Weka miti miwili yenye shina na kimo sawa, na musizi utatoka na chini ya theluthi mbili ya biomasi ya mwenzake. Mwali uliorudi kutoka kwenye miti hiyo hauna msongamano ndani yake.

Najua pingamizi litakalokuja, nalo si dogo. Ploti ni ghali, ni polepole, na milima yetu ni mikubwa. Setilaiti inapita bure juu ya nchi tajiri na maskini. Kweli. Ila tuangalie sahihisho kubwa la miaka ya karibuni kuhusu kaboni ya misitu ya milimani ya Afrika lilitoka wapi. Mwaka 2021 Aida Cuni-Sanchez na wenzake wengi, Waafrika na wageni, walionyesha kwamba misitu hiyo ina wastani wa tani 149.4 za kaboni kwa hekta, theluthi mbili zaidi ya tani 89.3 zilizokuwa zikipendekezwa katika miongozo ya Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi. Tarakimu ile ya zamani, iliyoathiri hesabu za serikali na thamani ya misitu yetu mezani, ilirekebishwa na watu wenye utepe katika ploti za nchi 12.

Kwa hiyo nisingeanza kwa kuuliza tutapataje leza zaidi. Ningeuliza nani anajaza safu ya jina la mti. Mtambuzi mzuri hukwangua gome, hunusa, hutazama rangi ya utomvu, huokota jani au tunda lililoanguka, kisha hutamka jina ambalo karani huandika kando ya kipenyo. Mradi unaotenga fedha za saa za ndege na za kompyuta, halafu ukamlipa mtu huyu posho ya siku chache, umepanga gharama zake kichwa chini miguu juu.

Niko tayari kubadili mizani hiyo kwa sharti moja. Amani ina ploti zilizotawaliwa na musizi na nyingine ambazo haujaingia, na zote leza ilipita juu yake. Zichukuliwe zile zenye vilele vya kimo sawa, majina yafichwe, na mgawanyo wa majani yake kutoka juu hadi chini ulinganishwe. Ikiwa umbo la mgawanyo peke yake linaweza kuzitenga ploti za musizi na za msitu wa asili, basi kuna kitu cha kiikolojia ambacho leza inakisoma bila kuambiwa, na sehemu ya fedha za ardhini inaweza kupanda angani. Ikishindwa, safu ya jina la mti ipewe bajeti yake kwanza.