Itikadi na Mkulima: Azimio la Arusha katika Fasihi ya Kiswahili

Aghalabu wahakiki wa fasihi ya Kiswahili huichukulia itikadi kuwa ni maudhui tu, jambo la kuorodheshwa sambamba na ndoa au ulevi. Azimio la Arusha linadai mtazamo mwingine. Lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Siku iliyofuata mabenki ya binafsi yakataifishwa. Viongozi nao walikatazwa kumiliki hisa na nyumba za kupangisha. Hapa itikadi ilikuwa nguvu ya kihistoria.

Hata hivyo, fikra haijiendeshi yenyewe. Huhitaji lugha na utanzu. Ngonjera, zilizoasisiwa na Mathias Mnyampala, zilitimiza haja hiyo. Shuleni na mikutanoni zilieneza msamiati wa ujamaa, kujitegemea na unyonyaji. Lakini katika umbo lake la kimsingi, asiyejua hubishana na ajuaye hadi akasadiki. Mshindi hufahamika kabla ya mjadala kuanza, na anayepinga hupinga kwa ujinga wala si kwa hoja.

Udhaifu huo wa kifani ulikuwa pia udhaifu wa kisiasa. Katika maandishi yake ya 1967 kuhusu ujamaa vijijini, Nyerere alisisitiza hiari. Mwaka 1973 kuishi vijijini kukageuzwa amri, na mamilioni ya watu wakahamishwa, baadhi yao kwa nguvu. Dola lilimtendea mkulima kama mhusika wa ngonjera: lilimsubiri akubali, na alipochelewa likamkubalia.

Euphrase Kezilahabi aliligusa jeraha hili. Katika *Dunia Uwanja wa Fujo* (1975), Tumaini anamuua kiongozi wa serikali kwa sababu ya mali yake. Katika *Gamba la Nyoka* (1979), wanakijiji wanapinga kuhamishwa, na upinzani wao unapewa sauti. Wapo wahakiki waliomwona mwandishi huyu kuwa amekata tamaa. Hukumu hiyo inachanganya mambo mawili: kuikana fikra, na kuuliza ni nani aliyeibeba na kwa njia gani.

Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar lililegeza masharti ya uongozi. Ni muhimu kutambua kwamba masharti yaliyolegezwa hayakuwa ya mkulima aliyeshutumiwa kwa ukaidi, bali ya kiongozi aliyemhubiria. Riwaya ilikuwa imekwisha kumpa mkulima huyo nafasi ya kujibu, nafasi ambayo jukwaa la ngonjera lilimnyima.