Kukokota trela la kambi lenye matangi yaliyojaa maji

Kukokota trela la kambi lenye matangi yaliyojaa maji ni desturi ya wasafiri wa barabarani, hasa wa Marekani, Kanada, Australia na kusini mwa Afrika, ya kujaza maji nyumbani au kwenye bomba la mwisho njiani na kuyabeba hadi mahali pasipo na bomba. Trela la kawaida lina matangi ya aina tatu: la maji safi, la maji ya sinki na bafu, na la choo. Ubishi juu ya kujaza kabla ya kuondoka au baada ya kufika ni wa siku nyingi. Majibu ya mkato ya pande zote mbili huficha kiini cha jambo: madhara ya maji hutegemea zaidi mahali tangi lilipofungwa, na uwezo uliobaki kwenye ekseli, kuliko ujazo wenyewe.

Uzito wa maji

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na galoni moja ya Marekani, ambayo ni lita 3.785, ina karibu kilo 3.8. Tangi la galoni 40, lililo la kawaida katika matrela ya wastani ya Marekani, hubeba lita 151 hivi, yaani madumu saba na nusu ya lita 20. Matrela ya Australia yanayotengenezwa kwa safari za mbali huwa na matangi mawili au zaidi, mara nyingi ya lita 80 hadi 100 kila moja. Kinachosahaulika sana ni chombo cha kuchemshia maji ya kuoga: cha galoni 6 huongeza kilo 22 au 23, na hakimwagiki tangi kuu linapofunguliwa.

Uzito unaoandikwa kwenye vipeperushi vya wauzaji ni uzito mkavu, bila maji, mara nyingi bila gesi wala betri. Mnunuzi anayelinganisha tarakimu hiyo na uwezo wa gari lake hujidanganya. Kipimo cha kuaminika ni kile cha mizani ya malori, trela likiwa limepakiwa kama litakavyosafiri, maji yakiwa ndani.

Sababu inayotajwa mara nyingi ya kusafiri na tangi tupu ni kuokoa mafuta, nayo ni dhaifu. Kupandisha kilo 150 mlima wa mita 1,000 huhitaji, kwa injini ya dizeli ya kawaida, chini ya robo lita ya mafuta. Kwenye barabara kuu iliyo tambarare, upepo unaogonga uso wa trela ndio unaokula mafuta mengi, na upepo huo haubadiliki tangi likijazwa au likimwagwa.

Mahali tangi lilipo

Trela lenye ekseli katikati ni mzani. Mkono wake wa mbele hulalia mpira wa chuma ulio nyuma ya gari, na uzito unaokaa hapo ndio unaoamua utulivu wa safari nzima. Marekani hupendekezwa uzito huo uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela. Uingereza, ambako matrela ni mepesi na magari ni madogo, hutajwa asilimia 5 hadi 7. Tangi lililo juu ya ekseli haliugusi sana uzito huo. Lililo mbele ya ekseli huuongeza, na lililo nyuma huupunguza.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua trela la kilo 2,000 lenye kilo 240 kwenye mpira, sawa na asilimia 12, na umbali wa mita 5 kutoka mpira hadi ekseli. Likiwa na tangi la lita 150 ambalo kitovu chake kiko mita 1.5 mbele ya ekseli, kulijaza huongeza kilo 45 kwenye mpira: jumla kilo 285, asilimia 13 na kidogo. Trela linatulia, ila nyuma ya gari inabonyea, matairi ya mbele ya gari yanapungukiwa na uzito wa kushika barabara, na pengine kikomo cha mpira au cha ekseli ya nyuma ya gari kimeshavukwa. Tangi lilelile likiwekwa mita 1 nyuma ya ekseli huondoa kilo 30. Zinabaki 210 juu ya trela ambalo sasa lina kilo 2,150, yaani chini kidogo ya asilimia 10. Familia ikifunga baiskeli za kilo 60 mita 3 nyuma ya ekseli, uzito wa mpira hushuka hadi kilo 174, karibu asilimia 8, na hapo hatari imeshaingia bila mtu kuona chochote kilichobadilika kwa macho.

Waandishi wengi wa miongozo huishia hapo na kusahau safari ya kurudi. Maji yaliyotumika kambini hayajapotea, yamehama. Yaliyokuwa kwenye tangi safi yamo kwenye tangi la maji ya sinki, na matangi hayo mawili ni nadra kukaa mahali pamoja. Katika mfano uleule, tangi safi likiwa mbele na la maji ya sinki likiwa mita 1 nyuma ya ekseli, trela huondoka na kilo 285 kwenye mpira na kurudi na 210, hali uzito wake wote haujapungua hata kilo moja. Dereva aliyepima siku ya kwenda tu amepima nusu ya safari yake.

Kuyumba

Kuyumba kwa trela, pale mkia wake unapoanza kwenda kushoto na kulia na kulivuta gari pamoja nao, ndiyo ajali inayoogopwa kuliko zote katika uwanja huu. Kila trela lina mwendo wake wa mpaka. Chini ya mwendo huo, mtikisiko wa upepo au wa lori linalopita hufa wenyewe. Juu yake, kila myumbo huwa mkubwa kuliko uliotangulia. Majaribio ya Chuo Kikuu cha Bath nchini Uingereza, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalionyesha kwamba uzito wa mbele na jinsi mzigo ulivyotawanywa ndani ya trela vina athari kubwa katika utulivu wa trela.

Kutawanya mzigo kunastahili kuangaliwa kwa makini kwa sababu ukinzani wa trela dhidi ya kugeuka hukua kwa mraba wa umbali. Kilo 150 zilizo mita 3 kutoka kwenye ekseli huchangia mara tisa ya kilo hizohizo zikiwa mita 1. Trela lililopakiwa ncha zote mbili, tangi mbele na mizigo nyuma, linaweza kuonyesha uzito mzuri kwenye mpira na bado likawa gumu kutulia likishaanza kuyumba.

Tangi lililojaa kikamilifu, likiwa chini ya sakafu na karibu na ekseli, lina faida: hushusha kitovu cha uzito na kulifanya trela refu lisihangaishwe sana na upepo wa pembeni. Madereva wengi wa jangwani husema trela lao hutembea vizuri zaidi likiwa na maji, na kwa mpangilio huo wa tangi fizikia iko upande wao.

Trela likianza kuyumba, dereva huachia mafuta, hushika usukani ukiwa umenyooka, na kama trela lina breki za umeme huzibana hizo peke yake kwa mkono bila kukanyaga breki za gari. Matrela ya Ulaya hayatoi nafasi hiyo, kwani breki zake hufanya kazi pale trela linaposukuma gari kwa nyuma. Vidhibiti vya msuguano vinavyofungwa kwenye mpira husaidia, lakini havirekebishi mzigo uliopakiwa vibaya.

Tangi lililojaa nusu

Madereva wa maboza ya maji wanajua jambo hili kwa mwili: mzigo wa maji nusu ni mgumu kuliko mzigo kamili. Maji yenye nafasi hukimbilia mbele breki zinapokanyagwa, na kwenye kona huenda upande ambao tayari umeelemewa. Matangi ya malori hugawanywa kwa kuta zenye matundu ili kuvunja mbio hizo, isipokuwa ya maziwa na vyakula vingine, ambayo huachwa laini ndani ili yasafishike. Matangi ya matrela ya kambi, ambayo kwa kawaida ni ya plastiki, mapana na yenye kina kifupi, mengi hayana kuta za ndani.

Hata hivyo hofu hii hukuzwa kupita kiasi. Kilo 75 zinazosukasuka ndani ya trela la tani mbili ni chache kulinganisha na shehena ya lori, na ni nadra kuwa chanzo pekee cha ajali. Ushauri wa kubeba tangi likiwa limejaa au likiwa tupu ni mzuri. Ila asiyekuwa na uwezo wa kubeba tangi zima, na anakwenda mahali pakavu, ni afadhali abebe nusu kuliko kuvuka kikomo cha ekseli.

Maji hayo yanayosukasuka pia hutoka. Bomba dogo la kupumulia, na lile la kumwagia ziada, huruhusu maji kuchupa nje kwenye breki na milima, na wakati mwingine yakishaanza kutoka huendelea kujivuta yenyewe. Wasafiri hufika na tangi lenye upungufu mkubwa wakadhani limetoboka.

Chesisi, matairi na breki

Tangi hushikiliwa chini ya sakafu kwa mikanda ya chuma au kwa fremu nyepesi. Barabara ya vumbi yenye makunyanzi hulipiga kwa nguvu zinazozidi uzito wake mara kadhaa, na mikanda imewahi kukatika na tangi kuburutwa. Baadhi ya watengenezaji huandika wazi kwenye kitabu cha trela kiasi cha maji kinachoruhusiwa wakati wa mwendo. Maneno hayo yafuatwe hata kama jirani kambini anadai amejaza miaka yote bila tatizo.

Matairi ya matrela ya Marekani yenye alama ST yalitengenezwa kwa muda mrefu kwa mwendo usiozidi kilomita 105 kwa saa, labda yawe yameandikwa vingine. Maji huyasogeza karibu na kikomo cha mzigo, na upepo wa tairi uliopungua humalizia kazi. Kidhibiti cha breki za umeme kilichorekebishwa trela likiwa tupu hakina budi kurekebishwa tena baada ya kujaza. Kwenye miteremko mirefu gia ya chini ndiyo inayobeba kazi, si kanyagio.

Kanuni na vibao

Tangu mwaka 2008 matrela mapya ya kambi nchini Marekani lazima yawe na kibao kinachotaja uzito wa mizigo unaoruhusiwa, pamoja na tahadhari kwamba tangi zima la maji ni sehemu ya mizigo hiyo, na uzito wake kwa kilo na pauni. Kibao hicho ni miongoni mwa vitu vyenye manufaa makubwa vilivyowahi kubandikwa kwenye trela, na ni vichache vinavyosomwa mara chache kama hicho. Kuna matrela ambayo tangi likijaa humeza zaidi ya nusu ya nafasi yote ya mizigo.

Australia hutofautisha uzito wote wa trela na ule unaokaa kwenye ekseli peke yake trela likiwa limefungwa kwenye gari. Breki ni lazima trela likizidi kilo 750 kwa kipimo hicho cha pili, na likizidi kilo 2,000 hutakiwa breki kwenye magurudumu yote na kifaa cha kuzibana trela likichomoka. Kuhusu mwendo, California huweka maili 55 kwa saa kwa magari yanayokokota, Uingereza maili 60 kwenye barabara kuu za njia mbili, na Ujerumani kilomita 80, au 100 kwa matrela yaliyoidhinishwa.

Historia

Trela la starehe huhesabiwa kuanza na Wanderer, gari la kukokotwa na farasi lililojengwa mwaka 1885 huko Bristol kwa ajili ya daktari na mwandishi William Gordon Stables. Mwaka 1936 kampuni ya Airstream ya Wally Byam ilitoa Clipper, trela la alumini lililobeba maji yake lenyewe. Byam huyohuyo aliongoza msafara wa mwaka 1959 na 1960 wa matrela 41 kutoka Cape Town hadi Kairo, uliopitia Kenya na Ethiopia na kupigiwa picha mbele ya piramidi.  Waingereza, kwa upande wao, walizoea pipa la kuviringisha la lita 40 hivi linalojazwa kambini na kuachwa nje ya trela, kwa sababu kambi zao zina mabomba.

Mahali panapohitaji maji ya kubeba

Hifadhi ya Kalahari ya Kati nchini Botswana haina maji kambini, na mgeni hutakiwa kuja na yake yote. Kwenye uwanda wa Nullarbor, Australia, maji safi ni adimu kwa mamia ya kilomita. Ardhi za umma karibu na Quartzsite, Arizona, hupokea maelfu ya matrela kila majira ya baridi. Kaskazini mwa Kenya wasafiri wengi bado hutegemea madumu juu ya gari, si trela.

Maji taka

Matangi ya maji taka humwagwa kwenye vituo maalumu. Kumwaga barabarani ni kosa la jinai katika sehemu nyingi.

Hali ya sasa

Magurudumu madogo ya mbele ya trela yenye kipimo cha uzito wa mpira yanauzwa kwa bei ya kawaida, na vidhibiti vya kielektroniki vinavyobana breki za trela vyenyewe linapoanza kuyumba vimeenea Ulaya na Australia. Magari ya umeme yameanza kukokota matrela, ingawa umbali yanaokwenda kwa chaji moja hupungua sana.