Habari za Kale za Susuni na Nchi ya Mpakani

Mgeni aulizaye habari za Susuni hupewa jibu fupi: ni kata katika Wilaya ya Tarime, Mkoa wa Mara, nchi ya Wakuria, si mbali na mpaka wa Kenya. Jibu hilo ni la kweli, lakini neno zito kuliko yote ni hilo la mwisho. Kwa maoni yangu mtu hawezi kuelewa kwa nini ushirika umekuwa kazi ngumu katika nchi hii, wala kwa nini ungali unahitajiwa, asipoufuata mpaka huo tangu ulipochorwa na kuona jinsi ulivyoligusa zizi la ng'ombe kwanza, na gunia la kahawa baadaye.

Wazee husimulia kwamba Wakuria walitoka mahali paitwapo Misri, upande wa kaskazini. Msomaji asiharakishe kuifanya Misri hiyo kuwa nchi ya Mafarao, kwa kuwa lugha yenyewe yatoa ushahidi mwingine: Kikuria ni lugha ya Kibantu, ndugu wa karibu wa Kigusii, Kingurimi na Kizanaki. Lililo hakika zaidi ni jinsi watu walivyokaa. Hapakuwa na mfalme wala mtemi. Mtu alikuwa wa mji wake, umugi, wenye zizi la ng'ombe. Mji ulikuwa wa eeka, eeka ya irigiha, irigiha ya egesaku, na juu ya yote ilikuwapo ikiaro, jamii kubwa yenye ardhi yake na mnyama wake wa heshima. Zaidi ya hayo kila mtu alizaliwa katika kizazi chake, naye hakukichagua. Vizazi hivyo vyajulikana kuwa vinane katika mafungu mawili: Saai, Nyambureti, Gamunyere na Maina, kisha Chuuma, Mairabe, Gini na Nyangi. Kwa kuwa majina hayo yalikuwa mamoja katika ibiaro zote, msafiri aliyefika kwa watu asiowajua aliweza kufahamu upesi nani amwite baba na nani amwite mwenzake.

Mambo ya hadhara yalizungumzwa katika iritongo, mkutano wa watu wote. Mambo ya siri na ya mila yalikuwa mikononi mwa inchaama, baraza la wazee wateule. Nayataja haya kwa sababu husemwa mara nyingi kwamba desturi ya kukutana, kubishana na kukata shauri pamoja ililetwa na vyama vya ushirika. Haikuletwa, ilikutwa. Hata hivyo tusiwapambe babu zetu kupita kiasi. Iritongo ilikuwa ya watu wa ikiaro moja, na jirani wa ikiaro nyingine alikuwa pia mtu wa kunyang'anywa ng'ombe usiku.

Mnamo tarehe 1 Novemba, 1886, Waingereza na Wajerumani walipatana juu ya mpaka wa nchi zao katika Afrika ya Mashariki. Mstari ulitoka pwani ukaelekea Ziwa Viktoria Nyanza, hata mahali ambapo digrii 1 ya kusini hukutana na ukingo wa mashariki wa ziwa. Kwa mapatano ya mwaka 1890 ulivushwa juu ya maji. Atazamaye ramani ataona kwamba mstari huo umenyoka kama uzi, isipokuwa pale ulipopindwa ili kuuzunguka mlima Kilimanjaro. Mlima ulipindiwa mstari, Wakuria hawakupindiwa. Wapimaji walipokuja kuweka alama zao mwanzoni mwa karne ya 20, Wakira, Wanyabasi na Wairege walijikuta ndugu wengine huku na wengine kule. Hata jina halikuwa moja, maana upande wa Kenya maofisa wa kikoloni waliwaita Watende kwa miaka mingi.

Juu ya utawala wenyewe sitasema mengi. Wajerumani waliweka kituo chao Shirati, kando ya ziwa, na kuwapa machifu watu wasiokuwa na desturi ya machifu. Walikuta nchi ambayo mifugo yake ilikwisha kupigwa na sotoka iliyoipitia Afrika ya Mashariki miaka ya mwanzo ya 1890. Vita Kuu ilipoanza, askari wao walivuka mpaka wakaingia Kisii, na hapo palipiganwa tarehe 12 Septemba, 1914. Waingereza walipoitwaa Tanganyika waliifanya nchi hii kuwa Wilaya ya Mara ya Kaskazini, makao yake Tarime, na kwa sheria ya mwaka 1926 wakaendelea kutawala kwa njia ya machifu. Cheo hicho kilifutwa na Serikali ya Tanganyika huru mwaka 1963.

Jambo lililodumu kuliko machifu ni njia ya biashara. Tarime iko kaskazini ya Mto Mara, na makao ya mkoa, Musoma, yako kusini yake. Kabla ya kujengwa daraja la Kirumi, mtu alivushwa kwa kivuko. Reli ya Waingereza ilifika Kisumu mwaka 1901, lakini reli ya Tanganyika haikufika Mwanza mpaka mwaka 1928. Kwa hiyo, kwa zaidi ya miaka 25, mali ya nchi hizi iliyokwenda ng'ambo ilipita ziwani kwa meli hata Kisumu, na kutoka huko hata Mombasa. Fedha nayo ilikuwa moja: shilingi ya Afrika ya Mashariki ilitumika pande zote mbili mpaka Tanzania ilipotoa shilingi yake mwaka 1966. Mkulima aliyeuza upande wa pili wa mstari hakujiona ametenda neno geni. Alifuata njia ambayo Serikali yenyewe ilikuwa imeizoea.

Ng'ombe walitangulia kuifuata. Miji, migodi na majeshi ya wakati wa ukoloni yalitaka nyama, na ng'ombe aliyeibwa upande mmoja alipata mnunuzi upande wa pili. Hivyo wizi uliokuwa zamani mashindano ya vijana na njia ya kupata mahari ukageuka biashara ya fedha taslimu, nao umewaachia watu wa mpakani majeruhi, wajane na uadui wa ikiaro kwa ikiaro.

Kisha ikaja kahawa. Arabika ilistawi katika nyanda za juu za Tarime, na pamba katika nchi ya chini karibu na ziwa. Sheria ya vyama vya ushirika ya Tanganyika ilipitishwa mwaka 1932, na mwaka uliofuata Wachaga wakawa na chama chao kikuu, KNCU. Katika Jimbo la Ziwa waliovuma zaidi walikuwa wakulima wa pamba. Mwaka 1955, Paul Bomani akiwa kiongozi wao, walianzisha shirikisho la vyama vyao vikuu lililojulikana kama Victoria Federation. Kwa mkulima faida ilikuwa ya kuonekana kwa macho: mizani ilikuwa ya chama chake mwenyewe, na aliyesimama kuisoma alichaguliwa naye, akaweza kuondolewa naye.

Vyama vikuu vyote vilivunjwa na Serikali tarehe 14 Mei, 1976. Wakati wa kufanya hivyo haukuweza kuwa mbaya zaidi kwa watu wa mpakani. Baridi kali ilikuwa imeua mibuni ya Brazili mwezi Julai, 1975, na bei ya dunia ikapanda hata kupita dola 3 kwa ratili mwezi Aprili, 1977. Mwezi Februari mwaka huo huo, Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ikivunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Basi mkulima wa Tarime alikuwa na kahawa yenye thamani ambayo baba yake hakuiona kamwe. Hakuwa na chama kikuu cha kuiuzia, na alikuwa ametoka kuhamishiwa kijijini katika Operesheni Vijiji ya mwaka 1974. Kahawa yake iliyouzwa kwa njia ya halali ilisafirishwa mpaka Moshi kwa kukobolewa na kupigwa mnada, naye akingoja malipo. Mnunuzi wa upande wa pili alilipa usiku ule ule. Palikuwa na magendo, na aliyekamatwa aliipoteza kahawa yake au alifungwa. Wapo waliowaita wakulima hao wasaliti wa nchi. Mimi siwezi kutumia neno hilo kwa mtu aliyeuza mali yake kwa shemeji yake. Lakini hasara ya taifa ilikuwa ya kweli, na hata muuzaji, akiwa gizani bila mizani wala stakabadhi, alipokea bei aliyotajiwa. Mpaka ulifunguliwa tena mwezi Novemba, 1983.

Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha vyama vikuu, navyo vikaanza kazi tena mwaka 1984. Miaka 10 haikupita kabla sheria ya mwaka 1993 kuwaruhusu wafanya biashara binafsi kununua kahawa kwa mkulima, na vyama vingi, vikiwa vimelemewa na madeni, havikuweza kushindana nao. Mwaka 2018 Serikali iliagiza kahawa ikusanywe na kuuzwa kwa njia ya vyama vya msingi. Agizo hilo liliirudisha mizani chamani. Umbali wa kwenda mnadani na ule wa kwenda Isebania haukubadilika. Mwanachama apokeaye malipo ya kwanza na kuambiwa angoje ya pili, huku ada ya shule ikidaiwa Januari, angali anaijua njia ya Sirari, na tarehe ya malipo ndiyo anayoiuliza kwanza aingiapo mkutanoni.